Bibi Hataki Kuamka, na Mimi Najua Kwa Nini

"Fungua mkoba! Toa kila kitu!"

Mlinzi alikuwa ameushika mkoba wa Baba Pacha. Akaugeuza juu chini, pale pale getini, mbele ya kiwanda kizima.

Koleo... bisibisi... utepe mweusi wa umeme... na soksi mbili ndogo za mtoto.

"Funguo za jenereta ziko wapi?" akauliza Madam, bosi wa kiwanda.

"Hizi hapa, Madam. Lakini naapa niliwasha papo hapo! Umeme ulipokatika tu, nikawasha!"

"Ungewasha papo hapo, Bibi angekufa?"

Mimi nilikuwa nimesimama kando, hotipoti mkononi. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba Pacha akageuza shingo. Akaniona. Uso wake ukang'aa, kama mtu aliyeona taa gizani.

"Mkwe! Wewe si ulikuwa mle ndani! Waambie, mkwe... jenereta haikuwaka mara moja?"

Macho yote yakanigeukia.

Na mimi, mama mtu mzima, nikafungua mdomo wangu huu huu nikasema:

"Mimi mambo ya jenereta siyajui, baba."

Jamani... yule mtu aliniangalia! Sitasahau. Akaanza kuokota soksi za mwanawe chini, taratibu.

Kumbe mimi nilijua. Nilijua iliwaka lini, nilijua Bibi alikufaje, na aliyemuua nilimjua vizuri sana.

Nilikuwa mimi.

...

Mama wenzangu, naandika haya ili mkome. Mimi shule yangu iliishia ya msingi, kwa hiyo mtanivumilia nikikosea. Ila nililolifanya halihitaji shule kulielewa.

Binti yangu anafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha viatu. Yeye hashoni wala habandiki soli. Anatunza kompyuta.

Na hiyo kompyuta sio hizi za kukunja. Ni likompyuta la zamani, kioo chake kina kisogo kama televisheni za enzi zetu, kibodi imegeuka rangi kama meno ya mvuta sigara. Michoro yote ya viatu imo humo. Mashine ya kukata ngozi haimsikilizi mtu mwingine, inamsikiliza huyo tu. Lugha yao ni ya zamani, wanaelewana wenyewe.

Ndiyo maana wafanyakazi wanaiita Bibi.

"Bibi kaamka?"

"Bado, ananyoosha mgongo."

Asubuhi wakimwasha anachukua muda mpaka unaweza kunywa chai ukaosha na kikombe. Kwa hiyo binti yangu alikuwa hamzimi kabisa. Bibi anakesha macho, wiki kwa wiki.

Sasa mimi ni mama mwenye wasiwasi. Nakubali. Binti yangu ana vidonda vya tumbo, akichelewa kula anajikunja kama jani kavu. Kwa hiyo kila mchana nampelekea chakula laini kwenye hotipoti. Mfuniko wa hotipoti yenyewe umelegea, naufunga na kitambaa cha kijani nilichokata kwenye aproni yangu kuukuu.

"Mama, mimi mtu mzima! Wananicheka!"

"Wacheke. Wakimaliza kucheka, wewe utakuwa umeshiba."

Pale kiwandani jina langu ni Mama Hotipoti. Mlinzi ananifungulia bila kuniuliza.

Na Baba Pacha, fundi umeme wao, ndiye mtani wangu. Ana watoto pacha, wa kiume, wako darasa la pili. Siku ya kwanza tu aliniambia:

"Mama, yule pacha wangu mkubwa amemwona binti yako. Ameniambia anamsubiri."

"Anamsubiri na meno yenyewe yameng'oka?"

"Yataota, mkwe! Mapenzi hayana haraka!"

Tangu siku hiyo mimi ni mkwe wake. "Mkwe, leo umeniletea nini?" "Mahari kwanza!" Tunacheka mpaka washona viatu wanatuzomea. Huyo ndiye mtu niliyemfanyia unyama.

Siku yenyewe nilifika, binti yangu hayupo. Ametumwa ghala la ngozi. Nikaingia chumba cha Bibi kumsubiri, maana kuna kipoza hewa na nje jua lilikuwa linachoma. Nikaketi. Kupitia dirisha la kioo naiona mashine ya kukata inakwenda kwenye chumba cha pili, chaka, chaka, chaka.

Mara... paa! Umeme ukakatika.

Chumba kikanyamaza. Kipoza hewa kikazima. Ila Bibi hakuzima, maana pale chini kuna kisanduku cheusi kinachomtunzia umeme kidogo. Na hicho kisanduku kikaanza kulia.

Piiii! Piiii! Piiii!

Mwenzenu nikaruka. Kwangu mimi kitu cha umeme kikilia, kinachofuata ni moto! Nikampigia binti yangu.

"Mwanangu! Kuna kisanduku kinapiga kelele humu! Kitalipuka!"

Simu yenyewe inakatika katika. Nasikia upepo, nasikia malori.

"Mama, tulia... hicho ni... jene... sasa hivi... izime! Mama, umenisikia? ...izime!"

"Niizime?"

"...izime kabisa, mama!"

Ikakata.

Basi. Nimeambiwa na mwenye mashine. Nikainama, nikaufuata waya wa Bibi mpaka kwenye kile kisanduku, nikauchomoa. Kioo kikafanya tii, kikawa cheusi.

Halafu nikafanya ninachofanya nyumbani nikimaliza kupiga pasi. Nikaukunja waya vizuri. Nikafungua kile kitambaa cha kijani kwenye hotipoti, nikaufunga waya kwa fundo langu la kipepeo. Mimi waya uliotapakaa sakafuni siwezi kuuona.

Hata sijanyanyuka, nikasikia nje: vruuuum! Jenereta. Taa zikawaka, kisanduku kikanyamaza kimya.

Sikuelewa kitu. Nilijiona shujaa! Nikabeba hotipoti yangu, mfuniko unagonga gonga, nikaenda kukaa na washona viatu uani.

Binti yangu alirudi, akaingia ndani. Baada ya muda akatoka, uso umempauka.

"Mama... si nilikuambia usiizime?"

"Usi... usi nini?"

"Usiizime, mama. Usiizime kabisa. Nilisema jenereta inawashwa sasa hivi."

Usiizime.

Jamani, mwanzo wa neno ulimezwa na upepo. "Usi" ikabaki kwenye malori huko, kwangu ikafika "izime". Herufi tatu tu! Herufi tatu zinamfukuzisha mtu kazi!

Hapo ndipo ningesema: mwanangu, nilisikia vibaya. Ingekwisha.

Lakini nikamwona Madam anakuja mbio, viatu vinagonga, amekunja uso kama ngumi. Nikaogopa. Nikaona binti yangu anafokewa kwa sababu ya mama yake anayemfuata na hotipoti kazini kama mtoto wa chekechea.

"Mimi nilitoka, mwanangu," nikasema. "Simu ilipokata nikatoka zangu. Sikugusa kitu."

Binti yangu akaniangalia. Akaitazama hotipoti magotini pangu.

"Sawa, mama," akasema.

Sawa, mama. Basi. Akarudi ndani.

Madam yeye hakutafuta mbali. Bibi kazima, umeme ulikatika, kwa hiyo jenereta ilichelewa. Nani wa jenereta? Baba Pacha. Kesi imekwisha!

"Nilikuwa hapo hapo, Madam!"

"Kama Bibi haamki kufikia kesho, na wewe usije!"

Na Bibi hakuamka.

Yaani aliamka nusu, ambayo ni mbaya zaidi. Binti yangu alimwasha, akatoa maandishi meupe mengi yanapanda kama siafu, akagoma katikati, akataka akaguliwe diski kwanza. Binti yangu akamkagua, akajibu maswali yake yote. Ukurasa wa kuingilia ukatokea. Akaandika jina lake, akaandika neno la siri.

Kioo kikawa cheusi... tukabana pumzi...

Ukurasa ule ule ukarudi. Jina lako nani?

Akaandika tena. Cheusi. Jina lako nani?

"Bibi kasahau watu," mshona viatu mmoja akasema mlangoni. Hakuna aliyecheka.

"Labda umekosea neno la siri?" nikamuuliza.

"Ningekosea angeniambia nimekosea, mama. Huyu anakubali, ananifungulia mlango, halafu ananisukuma nje."

Akashinda hapo mpaka kiwanda kinafungwa. Hakula. Usiku nikamsikia anajikunja kitandani, na mimi kwenye kitanda changu najigeuza kama chapati. Sikusema.

Kesho yake mchana ndipo nikamkuta Baba Pacha getini na mkoba wake umepinduliwa. Mengine nimeshawaambia.

...

Nilipotoka pale getini nikaingia chumba cha Bibi. Binti yangu amekaa chini sakafuni, kifuniko cha mashine kimefunguliwa, ameshika tumbo.

Nikaweka hotipoti. Siku hiyo mfuniko nilikuwa nimeufunga kwa kamba ya plastiki.

"Kula kwanza," nikamwambia.

"Sitaki."

"Kula, mwanangu, tumbo litakuua..."

"Mama!" Akapandisha sauti. Hajawahi kunipandishia sauti. "Baba Pacha ameondoka?"

"Ameondoka."

"Alisema nini?"

Soksi zile ndogo zikanijia machoni.

"Aliniomba nimsemee... nikamwambia sijui. Mwanangu, ni mimi. Nilisikia izime. Sikusikia usi. Nikachomoa waya, jenereta ikawaka hapo hapo, hata sijanyanyuka. Yule mtu hana kosa. Ni mimi!"

Nikangoja anipigie kelele, anifukuze, alie.

Hakushtuka.

Akaingiza mkono mfukoni, taratibu. Akatoa kitu, akakiweka juu ya hotipoti.

Kitambaa cha kijani.

Na fundo langu la kipepeo bado limo!

"Nilikikuta kimefungwa kwenye waya," akasema. "Nikakivua haraka kabla Madam hajaingia. Nikauchomeka waya. Ndipo nikaja kukuuliza."

"Kwa hiyo... niliposema sikugusa kitu..."

"Kilikuwa mfukoni mwangu."

Jamani! Nikakaa chini.

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambiaje Madam? Kwamba ni mama yangu? Nikasema nitangoja useme mwenyewe. Nikisikia mlango, najua ni wewe unakuja kusema. Nikangoja jana, nikangoja usiku. Leo nimesimama kwenye dirisha la upande wa geti namwona Baba Pacha anaokota vitu vyake, na mimi nimeshika mfuko wangu. Sikusema, mama. Hata mimi sikusema."

Akaanza kulia.

Mama wenzangu, kosa la waya lilikuwa la sikio. Lile la pili lilikuwa langu mwenyewe. Lakini hili la tatu ndilo linanila mpaka leo: mwanangu niliyemlea kwa kumchapa akisema uongo, alisimama dirishani akanyamaza mtu wa watu akidhalilishwa. Kwa ajili ya nani? Ya mama yake.

Nikamfuta machozi na kile kile kitambaa.

Baadaye kidogo akapenga kamasi, akageuka fundi tena.

"Mama, ulipouchomoa waya, kioo kilikuwaje? Kilikuwa kimetulia tu?"

"Kilikuwa na michoro ya viatu. Na kale kadirisha."

"Kadirisha gani?"

"Kalikuwa kametokea katikati, kana maandishi ya Kizungu na alama ya hatari. Nilidhani ni kwa sababu ya umeme."

"Umeme haujui kuandika, mama! Kaliandika nini?"

"Sikuelewa. Neno la mwisho tu lilikuwa fupi. Lina efu mwanzo. Mwishoni lina eli mbili zimesimama kama nguzo za goli."

Akanitazama. Mdomo ukabaki wazi.

"Full," akasema kwa sauti ya chini. "Fulu! Imejaa! Mama, Bibi hajavunjika... Bibi kashiba!"

"Kashiba?"

"Kavimbiwa! Diski imejaa! Tangu jana natafuta kilichovunjika, nikidhani umeme umemuumiza. Kumbe hana hata pa kuweka mguu! Mtu akiingia, Bibi lazima aandike vijikumbukumbu vyake kwanza. Akikosa nafasi ya kuandika, anakutoa nje. Wala hasemi kwa nini!"

"Na mbona kabla ya hapo alikuwa anafanya kazi?"

"Kwa sababu nilikuwa nimeshaingia siku nyingi, sikuwahi kutoka. Ukishakuwa ndani hakuulizi. Ulipomzima ndipo tukabaki nje."

Akaruka kwenye kiti. Pembeni mwa ule ukurasa wa kuingilia kuna kitufe kidogo, hata sikuwahi kukiona. Akabonyeza, akachagua njia ya dharura, isiyo na picha wala mapambo, kidirisha kimoja tu cheupe cha kuandikia. Kama kuingia nyumbani kwa mlango wa jikoni wakati sebule imejaa wageni.

Akaandika jina. Akaandika neno la siri.

Kioo kikawa cheusi...

Kidirisha kikatokea!

"Niko ndani, mama!"

Akaanza kupekua. Kumbe mashine ya kukata, kila ikikata kiatu, inabakiza nakala ya kazi hiyo kwenye kona moja ya diski, na hakuna aliyewahi kuifagia. Viatu vya miaka! Ndala za watu ambao watoto wao sasa wana watoto! Akahakikisha michoro yenyewe iko salama mahali pake, ndipo akafagia yale mabaki. Akatoka. Akarudi kwenye ukurasa wa kawaida. Jina. Neno la siri. Cheusi...

Na michoro ya viatu ikajaa kioo kizima.

Nje kwenye chumba cha pili: chaka... chaka... chaka!

"BIBI KAAMKA!" Kiwanda kizima kikalipuka kwa vifijo. Watu wanapiga meza kwa nyundo. Madam akaja mlangoni, anacheka, ameshika kifua.

"Dada Kompyuta! Umefanyaje?"

Binti yangu akaniangalia.

Nami niwaambie ukweli wa moyo wangu, sitaki kujipamba. Wazo lilikuja. Bibi kaamka, watu wana furaha, kitambaa kiko mkononi mwangu. Nikikunja ngumi tu, imekwisha. Hakuna atakayejua milele.

Nikamwona mwanangu ananingoja. Tena.

Nikafungua ngumi.

"Madam," nikasema, "jenereta haikuchelewa. Bibi nilimzima mimi. Kitambaa nilichofungia waya ni hiki. Na Baba Pacha aliponiomba nimsemee, nilimkana."

Vicheko vikafa kimoja kimoja.

"Na mimi nilijua," binti yangu akasema, "tangu jana."

Madam hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alitutazama, mama na mwana, akasema:

"Nimempekua mtu mbele ya wenzake. Mmeniacha nimpekue."

Akatoka kwenda kumpigia Baba Pacha simu yeye mwenyewe. Alimwomba msamaha mbele ya wote alipomrudisha, pale pale getini. Binti yangu alipewa onyo, na mimi marufuku kuvuka geti. Hotipoti inaishia kwa mlinzi.

Baba Pacha alirudi kazini. Nilimfuata nikamwomba radhi, nikapiga na magoti. Aliniinua.

"Yameisha, mama," akasema.

Mama. Mnasikia? Sio mkwe.

Siku hizi mchana yeye ndiye anayekuja getini kuchukua hotipoti kumpelekea binti yangu. Hajawahi kuchelewa hata siku moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Anabeba, anaondoka. Heshima tupu, mpaka inauma. Hakuna mahari, hakuna meno ya pacha, hakuna "leo umeniletea nini".

Basi mama wenzangu, nyinyi mnaofuata watoto wenu kwa mapenzi mpaka makazini, nawaonya. Simu ikikatika, usifanye kitu kwa nusu ya neno. Piga tena, hata mara mia. Na ukigusa kitu cha watu kikaharibika, mwambie fundi hapo hapo: niligusa hapa, niliona hivi. Kale kadirisha ningekataja siku ile ile, Bibi angelala macho na Baba Pacha angelala na kazi yake. Ukimficha fundi, unamfanya atafute ugonjwa usiokuwepo. Na ukificha mbele ya mwanao, unamfundisha naye kuficha.

Mimi bado kila mchana naenda. Kitambaa cha kijani nimekirudisha kwenye hotipoti, nakifunga lile lile fundo la kipepeo, ili Baba Pacha alione. Pembeni namwekea na vitafunio viwili vidogo, vya pacha.

Jana alivitazama. Akatabasamu kidogo, nusu tu.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nikaitikia. Nikasimama pale getini mpaka alipopotea ndani, nikisikiliza kama ataongeza lile neno lake la zamani.